Mwanangu, babu yako alichimba ngoro

Mbinga, mwezi Machi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, bibi yako hajambo ila miguu inamsumbua, na mvua bado zinanyesha. Najua umeumia kukosa maziko ya babu yako. Usijilaumu. Kutoka Morogoro hadi huku ni safari ndefu, ulikuwa katikati ya mitihani, na ni mimi niliyekukataza kuja. Babu yako mwenyewe angekukataza. Alikuwa akiuliza habari za masomo yako hata siku ambazo hakuweza kuinua kikombe.

Nakuandikia kwa sababu ya wasifu uliosomwa makaburini. Ulisomwa vizuri, kwa sauti ya juu, na karibu wote ulikuwa vita vya Kagera. Wazee wawili waliokwenda vitani pamoja naye walitoka kwenye umati, wakasogea ukingoni mwa kaburi, wakakaza miguu na kupiga saluti. Mmoja hutembea kwa fimbo. Aliilaza chini kwanza ndipo akapiga saluti. Watu walilia, nami nililia. Yote yaliyosemwa yalikuwa kweli na aliyastahili. Ila wasifu ule ulimchukua kijana wa miaka 24 ukaishia naye Kampala, na baba yangu aliishi zaidi ya miaka 40 baada ya hapo. Hiyo ndiyo miaka niliyomjua mimi. Wewe ulimkuta mzee, anakaa barazani, anakuchongea vigari vya mbao. Nataka umjue mzima.

Alizaliwa upande wa juu wa ntambo wetu, yaani kipande cha mlima cha ukoo, juu ya ile mibuni mizee unayoikuta ukipanda kutoka mtoni. Habari za wazee wetu unazijua. Karne ya 19 Wamatengo walipanda milima hii wakikimbia mashambulizi ya Wangoni, wakabanana kwenye miteremko ambayo mkulima wa tambarare angekuambia hapalimiki. Huku ndiko kilimo cha ngoro, yaani cha mashimo na matuta mteremkoni, kilikotuweka hai. Wewe umekisoma darasani huko SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, na miaka ya nyuma watafiti wa chuo chenu walikuja huku pamoja na Wajapani, wakayapima mashimo yetu na kutuuliza maswali mengi. Babu yako aliwapenda sana wale watu, maana walikaa, walikula, na waliandika kila alichowaambia. Lakini wewe hujawahi kuchimba hata ngoro moja kwa mikono yako, kwa kuwa kazi yangu ya ualimu ilitupeleka Songea ungali mdogo. Kwa hiyo niache nikueleze kama mtu anayekuonyesha.

Mvua zinapoelekea ukingoni, mwezi wa tatu, wanaume hufyeka nyasi kwa nyengo, kile chombo cha kufyekea. Nyasi zikishanyauka huzilaza kwa mistari, kisha huikatisha kwa mistari mingine, mpaka mteremko mzima unakuwa miraba. Hapo wanawake huingia na majembe. Unasimama katikati ya mraba, unachimba udongo na kuurushia juu ya nyasi pande zote nne. Pale uliposimama panabaki shimo. Maharage hupandwa juu ya matuta, na chini yake nyasi zinaoza taratibu na kuwa mbolea. Mvua ikinyesha, maji yanaingia shimoni yanatulia, hayapati njia ya kuteremka na udongo wako hadi mtoni. Mwezi wa kumi na moja au wa kumi na mbili, matuta hayohayo hupokea mahindi. Shamba la ngoro likikamilika, ukalitazama kutoka mlima wa pili, utaona mashimo yamepangana kama sega la nyuki.

Ushike hapo: mwanamume hufyeka na kulaza nyasi, mwanamke huchimba. Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani, na habari ya babu yako imo humo.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, na baada ya siku chache Amin akatangaza kwamba nchi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera ni ya Uganda. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akasema maneno ambayo hata ninyi mliozaliwa juzi mnayajua, kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo na uwezo tunao. Babu yako aliisikia hotuba hiyo uani kwa jirani mwenye redio. Hakuwa askari. Alikuwa mgambo wa kijiji, wale waliofunzwa gwaride na shabaha jioni baada ya kutoka shambani. Jeshi la wakati ule lilikuwa dogo kwa vita kubwa namna ile, hivyo wanamgambo waliitwa kwa makumi elfu kutoka kila mkoa, wengi wao wakulima. Alipoitwa, bibi yako alikuwa na mimba ya mjomba wako mkubwa.

Walikwenda kwa lori, kwa garimoshi, kisha kwa meli mpaka Bukoba. Mtu aliyezoea kuliona Ziwa Nyasa tangu utoto hashangazwi na maji. Kilichomshangaza ni kile alichokikuta ng'ambo ya mto Kagera. Daraja la Kyaka lilikuwa limelipuliwa, nyumba zimechomwa, ng'ombe wameswagwa kwa maelfu kupelekwa Uganda, na katikati ya migomba, kahawa imeiva ikakaukia mtini. Kila aliposimulia vita alianzia kwenye kahawa hiyo, si kwenye risasi. “Kahawa ya mtu imekaukia mtini na mwenyewe hayupo,” alikuwa akisema. Alijua nguvu inayokwenda kwenye mbuni mmoja tangu mche mpaka buni ya kwanza, na nadhani aliyeona hivyo hakuhitaji tena kuelezwa amefuata nini huko.

Januari 1979 Mutukula, mji wa mpakani, ilitekwa. Februari 24 ikawa zamu ya mji wa Masaka. Magari yalikuwa machache, kwa hiyo askari wa miguu walitembea kweli kwa miguu, kutoka mpakani hadi Kampala, zaidi ya kilomita 200, na bunduki na mzigo mgongoni. Masaka ndiko alikoanza kupoteza sikio la kushoto, na hawakuwa maadui waliompotezea, ilikuwa mizinga yetu wenyewe iliyokuwa ikipiga mji usiku kucha yeye akiwa karibu nayo. Ndiyo maana bibi yako amekaa upande wake wa kulia kila siku ninayoikumbuka, kanisani, mezani na kwenye basi. Nawe alikuwa akikuvuta umkalie mguu wa kulia ili akusikie.

Kuna jambo moja la huko alipenda kulisimulia. Waliingia kijiji kimoja, mama mmoja mzee akawasikia wakizungumza Kiswahili, akakimbilia migombani. Kwake Kiswahili kilikuwa lugha ya askari wa Amin, na wakiongea hivyo watu walijua kinachofuata. Babu yako na wenzake wakasimama mbali, wakavua kofia, wakamwamkia shikamoo. Hakujua kuitikia, lakini aliona vijana wameinamisha vichwa. Akatoka. Jioni yake aliwaletea matoke ya moto yaliyofungwa kwenye majani ya mgomba, na babu yako alisema hajawahi kula chakula kitamu kama kile, ingawa matoke yenyewe hakuyapenda.

Wasifu ulisema alishiriki mapigano makali ya Lukaya, ukapita. Mimi nitakuambia alivyotuambia sisi wanawe.

Lukaya ni mji kwenye barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala, na mbele yake barabara inapita juu ya tuta katikati ya kinamasi cha mafunjo. Machi 10, 1979 walikutana hapo na jeshi la Amin likiwa pamoja na Walibya waliotumwa na Gaddafi, wenye vifaru na mitambo ya kurusha makombora ya Katyusha. Brigedi ya 201, ambayo babu yako alikuwamo, ilikuwa karibu yote ni wanamgambo, na wengi hawakuwa wamewahi kukutana na vita ya namna ile. Makombora mengi yaliwapita juu ya vichwa, lakini mlio wake ulitosha. Safu ikavunjika. Watu walirudi nyuma mbio. “Na mimi nilikimbia,” alituambia, tena alituambia tukiwa wote mezani, wageni wakiwapo. Usiku ule aliukesha kwenye matope hajui wenzake wako wapi. Kesho yake, Machi 11, Brigedi ya 208 ikawazungukia adui ubavuni, waliotawanyika wakapangwa upya, wakarudi kwenye barabara ileile, na safari hii adui ndiye aliyekimbia. Kampala ilitekwa mwezi uliofuata, Aprili 11.

Hakuwahi kusimulia siku ya pili bila ya kwanza. Mtu akitaka kumtukuza kwa ushindi wa Lukaya, alimrudisha kwanza kwenye kinamasi. Sisi watoto tulikua tukijua kwamba baba yetu aliwahi kuogopa akakimbia, na asubuhi akarudi. Sijui kama unaweza kuelewa jinsi jambo hilo lilivyotusaidia. Siku niliyofeli mtihani wa darasa la saba wa majaribio sikujificha. Nilimwendea yeye moja kwa moja.

Sasa sikiliza kilichokuwa kikitokea huku mwezi huohuo wa Machi. Mjomba wako alikuwa amezaliwa Februari, ana wiki chache. Shemeji wawili wa bibi yako nao walikuwa wameitwa. Wakati wa kufyeka ukafika, hakuna mwanamume wa kufyeka. Watu walimshauri aache shamba lilale mwaka ule, mama mwenye kichanga hatalaumiwa na mtu. Bibi yako akaitoa nyengo ya mumewe darini. Alifyeka, mtoto mgongoni. Nyasi zilipokauka alizilaza, akikumbuka tu jinsi alivyokuwa akimwona mumewe akifanya, na mistari ya juu ilikwenda upande. Halafu akashika jembe lake akachimba. Hakumaliza mteremko, alipata sehemu yake ya chini, na akapanda maharage. Kila niliposikia watu wakisema “babu alipokuwa vitani”, mimi huona mteremko huo.

Babu yako alirejea mwaka huohuo, vita vikiwa vimekwisha. Akakuta nchi imeingia kwenye ile miezi 18 ya kufunga mkanda aliyoitangaza Mwalimu. Sabuni hakuna, chumvi ya kutafuta, mafuta ya taa kwa foleni. Alikuta pia mtoto asiyemjua anayemlilia, na maharage ndani. Aliuliza nani alimfyekea mkewe. Alipojibiwa, alitoka nje akaenda kuutazama mteremko peke yake.

Machi 1980 alifyeka na kulaza nyasi kama kawaida ya wanaume. Siku ya kuchimba, bibi yako alipofika shambani alimkuta tayari yumo mrabani na jembe, ameshachimba ngoro kadhaa, tena vibaya, udongo umerundikana upande mmoja. Bibi yako alimwambia, “Baba fulani, toka, watu watatuona.” Akajibu, “Wewe ulifanya ya kwangu na mtoto mgongoni. Nifundishe.” Basi akamfundisha. Watu waliona kweli. Walicheka kwenye pombe, wakasema mke amemlisha limbwata, na bibi yangu mzaa baba alinuna msimu mzima kwa kuona mwanawe aliyerudi kutoka vitani anafanya kazi ya kike. Yeye hakubishana na mtu. Machi iliyofuata alichimba tena, na iliyofuata, mpaka miaka ya karibuni pumzi ilipomkatalia. Mimi nilikua nikiamini kwamba kila nyumba baba huchimba ngoro na mama. Nilikuwa msichana mkubwa nilipogundua kwamba ni kwetu tu.

Hilo ndilo halikuwamo kwenye wasifu, na mimi ningelisoma kwanza.

Hakuwa malaika, mwanangu. Zilikuwapo usiku alizoamka akipiga kelele, na sisi watoto tulijua kutomshika bali kumwita kwa sauti kutoka mlangoni, upande wa sikio zima. Ngurumo za radi zilimfanya mkali, akafoka kwa jambo dogo, na mvua ikikatika alikuwa akikuta la kufanya karibu na yule aliyemfokea, anamnolea panga au anamtengenezea kiatu. Pombe aliiacha mapema kwa sababu alijiona anavyokuwa. Pensheni hakuwa nayo, maana aliingia kama mgambo akatoka kama mgambo, na wenzake wengi walilalamika juu ya hilo hadi uzeeni. Yeye alisema kijana wa Songea aliyelala naye handaki moja amezikwa Kaboya kule Muleba, kwenye makaburi yale ya mashujaa zaidi ya 600, naye hana hata wa kumlalamikia. Kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, hakwenda shamba. Alivaa shati jeupe akaenda kanisani kumwombea.

Kahawa ndiyo iliyotusomesha. Tulichuma, tukamenya kwa mashine ya mkono, tukaosha, tukaanika kwenye meza zilezile ulizokuwa ukichezea chini yake. Mwaka ambao chulebuni, ule ugonjwa wa buni, ilishambulia, alipiga dawa ya mrututu na bomba mgongoni tangu alfajiri, kidole kilichopasuka amekifunga kitambaa. Halafu bei ikaanguka duniani kote, mwaka 2000 na 2001, kahawa ikawa hailipi hata gharama ya dawa. Nilikuwa sekondari, bweni. Majirani waliiacha mibuni ikawa msitu, wengine waling'oa. Yeye aliuza nguruwe mmoja mmoja mpaka banda likabaki tupu, na mibuni akaiacha ilipo, akaipogolea kama kwamba bei ni nzuri. Alinipeleka shule mwenyewe, sanduku langu la bati begani mwake, na mlangoni akamwambia matroni, mbele yangu, “Huyu ada yake itachelewa lakini itafika.” Ilichelewa kila muhula. Ilifika kila muhula. Na mimi ndiyo nikawa mwalimu, na wewe ukapanda basi kwenda chuo kikuu.

Oktoba 2024 redio ilipotangaza kifo cha Jenerali David Musuguri, yule aliyeongoza Divisheni ya 20 katika vita, babu yako alizima redio, akaomba apelekwe kwa paroko ili akatoe sadaka ya misa. Aliniambia njiani kwamba wanakwisha. Tangu hapo alizungumza zaidi. Mengi niliyokuandikia humu aliyarudia miezi hiyo ya mwisho. Ugonjwa wenyewe sitauandika. Moyo ulichoka, na hakuteseka sana. Siku ya mwisho alimwuliza bibi yako kama nyasi za chini zimekauka, bibi yako akasema bado, akasema basi msiharakishe.

Sasa ya kwetu. Kikao cha ukoo kimekaa baada ya kumaliza matanga. Mteremko wa ngoro unabaki mikononi mwa bibi yako maisha yake yote, na tumekubaliana sote tutakuwa tunakuja Machi. Mwaka huu tumeshachimba. Mjomba wako mkubwa alishika jembe bila kuambiwa na mtu, na binti yake naye alifyeka. Wewe umepewa mibuni ya chini ya njia, ile aliyoipanda mwaka uliozaliwa. Aliiandika mwenyewe kwenye daftari lake kwa jina lako, hakuna aliyepinga. Baadhi ina kutu ya majani. Kabla hujaja, waulize walimu wako kuhusu miche ya TaCRI, ile taasisi ya utafiti wa kahawa, inayostahimili kutu na chulebuni. Wana kituo chao Ugano, hapahapa Mbinga, lakini ningependa uende ukijua cha kuomba. Mitihani ya mwisho wa mwaka ikiisha uje moja kwa moja, kahawa itakuwa inachumwa na mikono ni michache.

Mpigie bibi yako jioni, saa moja hivi, mchana hayupo nyumbani. Usimwambie apumzike shamba, tumeshamwambia sote. Mwulize kuhusu Machi ile ya 1979. Mimi nimekupa ninayoyajua kwa kusimuliwa, yeye ndiye aliyefyeka.

Ni mimi,
Mama yako